Gari Isiyokunywa Maji: Kuitunza na Kuitengeneza Nyumbani



Somo hili ni la mwanachama mwenye gari ya zamani ya Volkswagen, ile iitwayo Kombi, ambayo injini yake iko nyuma na haina rejeta wala maji. Ni la kijana wake pia, ikiwa anataka kujifunza kuitengeneza. Gari hii haina mambo mengi. Mtu mwenye subira, spana chache na kiwanja kilicho sawa aweza kuitunza nyumbani miaka mingi. Lakini ina tabia moja ambayo asiyeijua huipoteza injini kwa muda wa kuvuta sigara moja, na tabia hiyo ndiyo shina la somo letu.

KISA CHA TAA NYEKUNDU

Mwandishi wa somo hili alijifunza tabia hiyo kwa hasara. Ilikuwa jioni ya mchumo, baina ya Wete na Chake Chake, na gari imejaa magunia ya karafuu mbichi zinazokwenda kuanikwa. Taa nyekundu ya dainamo ikawaka. Nikasema moyoni, "Ni betri tu haipati chaji, nitatazama nikifika." Nikaendelea kiasi cha kilomita 4. Katika kupanda mlima injini ikapungua nguvu, ikagonga kama mtu apigaye nyundo ndani ya pipa, ikazima, wala haikuzunguka tena. Nilipofungua mlango wa nyuma nikaona mkanda wa feni umekatika. Mkanda mpya ulikuwamo chini ya kiti. Spana ya kuutilia ilikuwa nyumbani.

Karafuu zikalala ndani ya magunia. Kila mkulima ajua matokeo yake: karafuu mbichi zikirundikana hupata moto, na asubuhi ukitia mkono ndani ya gunia ni kama kuutia katika majivu. Zilipokauka zilikuwa zimenyauka na kupauka, na hazikupata daraja la wenzake zilizoanikwa jioni ile ile. Karafuu na injini viliharibika siku moja na kwa sababu moja: kukosa hewa.

ASILI YA GARI HII

Gari hii ilianza kuundwa Ujerumani, katika mji wa Wolfsburg, mwaka 1950. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1947, mfanyabiashara wa Kiholanzi aitwaye Ben Pon alichora katika daftari lake picha ya gari mfano wa sanduku, dereva mbele kabisa na injini nyuma kabisa. Tangu mwaka 1956 kazi ikahamia Hannover. Umbo la kwanza, lenye kioo cha mbele cha vipande viwili, lilidumu huko mpaka mwaka 1967. Likafuatwa na umbo la kioo kimoja kipana mpaka mwaka 1979. Katika nchi ya Brazil waliendelea kuitia injini ya kupozwa kwa hewa mpaka mwisho wa mwaka 2005, na gari yenyewe wakaacha kuiunda mwaka 2013. Kwa kuwa zilitengenezwa nyingi na kwa muda mrefu, vipuri vya injini hii vyapatikana hata leo.

Injini ya kwanza ilikuwa ya sentimita za ujazo 1131, yenye nguvu za farasi 25. Zikafuata za 1200, 1500 na 1600. Vipimo vya somo hili ni vya injini ya 1600, yenye feni iliyosimama juu na kuzungushwa kwa mkanda. Mwenye injini kongwe zaidi atazame kitabu chake kabla ya kupima vali. Mwenye injini ya 1700 na kuendelea, iliyoanza na gari za modeli ya 1972, asitumie vipimo hivi kabisa, kwa maana feni yake haiko juu, oili yake ni nyingi zaidi, na kazi zake ni nyingine.

INJINI HUPOZWA KWA NINI?

Katika gari ya maji, joto la silinda huchukuliwa na maji, maji hupita katika rejeta, na mshale wa joto humwonya dereva. Katika gari hii hakuna maji, na kwa kawaida hakuna mshale. Joto huondolewa na vitu viwili tu: hewa inayosukumwa na feni, na oili inayozunguka ndani. Vyote viwili vikiwa sawa, injini huvumilia kazi ngumu. Kimoja kikipungua, injini haisemi neno mpaka imekwisha kuharibika. Basi dereva mwenyewe ndiye mshale wa joto: kwa jicho lake, kwa sikio lake na kwa daftari lake.

Vyombo vya kazi ni hivi: spana za 10, 13, 17 na 21, spana ya plagi, bisibisi mbili, nene na nyembamba, koleo, fila, yaani vibati vyembamba vya kupimia nafasi, balbu ndogo yenye nyaya mbili, beseni la kupokea oili, matambara safi, jeki, na magogo mawili ya mti mgumu. Usiingie chini ya gari iliyosimama juu ya jeki peke yake, wala juu ya matofali, maana tofali hupasuka bila ya kutoa habari. Zuia magurudumu kwanza, kisha weka magogo, kisha itikise gari kwa mkono kabla ya kulala chini yake.

1. HEWA

Feni ya injini hii ikienda kasi husukuma kiasi cha lita 500 za hewa kwa sekunde moja. Hewa hiyo huingia kwa matundu yaliyo juu ya mbavu za gari upande wa nyuma, hufika katika chumba cha injini, huvutwa na feni, kisha hushushwa juu ya silinda 4. Silinda zina mapezi, yaani vibapa vyembamba vilivyopangana kama mapezi ya samaki, ili hewa ipate mahali pengi pa kugusa. Ikishachukua joto, hutoka chini ya gari.

Ukielewa njia hiyo utaona mara moja makosa ambayo hutendeka wakati wa mchumo.

La kwanza ni kuziba matundu. Mtu hupakia mzigo juu ya keria, akaufunika kwa turubali au jamvi, na ncha zake zikaning'inia mbavuni. Injini yake inakabwa koo. Funga ncha zote juu ya matundu, wala usiegemeze gunia hapo.

La pili ni kukifanya chumba cha injini kuwa ghala. Tambara, gunia tupu au karatasi iliyoachwa humo huvutwa na feni ikanatana na mdomo wake, na hewa ikakatika. Chumba hicho kiwe na injini na betri tu.

La tatu ni uchafu. Majani makavu, vumbi, makonyo na nyuzi za usumba huingia kidogo kidogo zikashikana na oili inayovuja, zikaziba mapezi na kifaa cha kupoza oili kilichomo katika njia ya feni. Kwa nje injini huonekana safi, na ndani imevaa blanketi. Kila mwaka kabla ya mchumo, mulika kwa tochi kadiri uwezavyo. Ukiona uchafu umeshikamana, hapana budi mabati ya juu yafunguliwe na mapezi yasafishwe kwa brashi na mafuta ya taa, kisha yakaushwe vizuri. Mara nyingi hapo injini huteremshwa. Ina uzito wa kilo 100 na zaidi, kwa hiyo si kazi ya mtu mmoja.

La nne ni kutupa mabati. Mafundi wengine hufungua vile vibati vinavyozunguka injini na kuvirudisha nusu, wakisema ni pambo. Si pambo hata kidogo. Mabati yale, pamoja na mpira wa ukingo unaoizunguka injini, hutenga hewa baridi ya juu na hewa ya moto ya chini. Pakiwa na uwazi, feni huvuta moto ule ule uliokwisha kutolewa. Kadhalika kila waya wa plagi una kifuniko cha mpira panapoingia katika bati. Kikikosekana, hewa huponyokea hapo badala ya kupita kwenye silinda. Tundu ni tundu, hata likiwa dogo.

La tano ni vizuizi vya themostati. Ndani ya nyumba ya feni mna vibati vinavyofungua na kufunga njia ya hewa, ili injini ipate moto upesi asubuhi. Vikishika kutu vikiwa vimefunga, injini huchemka. Injini ikiwa ya moto hakikisha vimefunguka.

Mkanda wa feni

Mkanda mmoja huzungusha dainamo, na feni imefungwa upande wa pili wa dainamo hiyo hiyo. Ndiyo maana taa nyekundu si habari ya betri tu. Ikiwaka njiani, simama pale pale mahali pa salama na uzime injini. Tazama mkanda. Ukiwa umekatika au umevuka, usiendeshe hata hatua moja mpaka umetia mwingine. Ukiwa mzima na feni yazunguka sawasawa, basi taabu ni ya umeme, na waweza kwenda polepole mpaka nyumbani ukiwa unausikiliza.

Kubadili mkanda ni kazi ya dakika 15:

(a) Zima injini na toa ufunguo. Puli ya dainamo ina vipande viwili, na kipande cha ndani kina pengo. Tia bisibisi nene katika pengo hilo, iegemee bolti ya dainamo, ili puli isizunguke.

(b) Fungua nati kwa spana ya 21. Toa kipande cha nje pamoja na washa zilizomo, na uzihesabu.

(c) Vaa mkanda mpya. Washa zikipungua katikati ya vipande viwili, mkanda hukaza, zikizidi, hulegea. Zinazobaki zitie nje chini ya nati, zisipotee.

(d) Kaza nati huku ukiizungusha injini kidogo kidogo kwa mkono, ili mkanda usibanwe na puli.

(e) Bonyeza kwa kidole gumba katikati ya mkanda. Ushuke kiasi cha milimita 15. Ukikazwa kama uzi wa gambusi utakula beringi za dainamo.

Mkanda mpya hunyooka, kwa hiyo upime tena baada ya siku mbili tatu.

2. OILI

Injini hii hubeba oili lita 2.5 tu. Ni kidogo, na kazi yake ni mbili, kulainisha na kupoza. Kwa hiyo upungufu wa nusu lita, ambao katika lori si kitu, hapa ni jambo kubwa. Pima kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari ikiwa mahali pa sawa. Oili iwe baina ya alama mbili za kijiti, karibu na ya juu. Usizidishe, maana inayozidi hutafuta mahali pa kuvujia. Kwa joto la visiwani oili ya 20W-50, au SAE 30, yafaa.

Injini hii kama ilivyotoka kiwandani haina filta ya oili ya kubadilishwa. Ina chujio la waya tu chini yake. Kwa sababu hiyo oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, na katika miezi ya mchumo, gari inapopita njia za vumbi na mzigo, ni bora kila kilomita 2,500. Mwaga oili injini ikiwa na moto. Kisha fungua nati 6 ndogo za sahani ya chini, toa chujio, lioshe kwa mafuta ya taa na ulikaushe. Tia gasketi mpya 2, moja juu ya chujio na moja chini yake. Nati hizo ni za spana ya 10 na zimeshika katika chuma laini. Mwenye nguvu nyingi huzing'oa pamoja na meno yake. Zikaze kidogo kidogo kwa kupokezana, kwa kifundo cha mkono, si kwa bega.

Usitupe oili ya zamani kabla ya kuitazama. Ipitishe katika kitambaa cheupe. Unga mweusi si ajabu. Vipande vinavyong'aa, vya rangi ya fedha au ya shaba, ni habari kwamba kitu kinaliwa ndani. Mwite fundi kabla hujapakia mzigo. Kisha oili ile itie katika dumu, wala usiimwage shambani wala karibu na kisima.

Taa ya oili ikiwaka katika mwendo, zima injini mara moja. Hapo hakuna cha kujaribu bahati.

3. VALI

Hapa ndipo wengi huogopa, na hapana sababu. Kila silinda ina vali 2, ya kuingizia na ya kutolea. Baina ya roka na shina la vali lazima pawe na nafasi ya milimita 0.15, kwa vali zote, injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha. Nafasi ikipotea, vali haifungi sawasawa, moto hupita ukingoni mwake, na mwisho huungua au kukatika kichwa. Watu huogopa vali inayopiga kelele kidogo. Ile iliyonyamaza ndiyo ya kuogopwa.

Jua kwanza hesabu ya silinda. Ukisimama nyuma ya gari na kutazama mbele, mkono wa kulia mbele ni ya 1, kulia nyuma ni ya 2, kushoto mbele ni ya 3, na kushoto nyuma ni ya 4. Katika kila upande vali mbili za kati ni za kuingizia, na za mwisho mbili ni za kutolea. Kisha fanya hivi:

(a) Toa kifuniko cha distributa. Zungusha puli ya chini mpaka alama yake ielekee mahali nusu mbili za injini zinapokutana, na rota ielekee pengo dogo lililo ukingoni mwa distributa. Hapo silinda ya 1 iko tayari.

(b) Sukuma chini waya unaoshika kifuniko cha vali, ukitoe, na ufute.

(c) Pitisha fila ya 0.15. Ipite kwa kukwaruza kidogo, kama karatasi ndani ya kitabu kilichofungwa. Kama sivyo, legeza nati ya roka, zungusha skrubu, kisha kaza nati na upime tena, maana kukaza hubadili nafasi.

(d) Zungusha puli nusu mzunguko kinyume cha saa; pima silinda ya 2. Nusu nyingine, ya 3. Nusu nyingine, ya 4.

(e) Rudisha vifuniko kwa gasketi mpya.

Fanya hivyo kila kilomita 5,000, na andika kila kipimo ulichokikuta kabla ya kukibadilisha. Hili ndilo jambo lenye faida kuliko yote katika somo hili. Vali ambayo kila ukiipima nafasi yake imepungua, hasa ya kutolea ya silinda ya 3, inarefuka au kuna kitu kinachoachia. Katika injini nyingi zilizotoka kabla ya modeli ya 1971, kifaa cha kupoza oili kilikaa ndani ya nyumba ya feni juu ya silinda za kushoto, na ya 3 ilipata hewa haba kuliko wenzake. Ukiona dalili hiyo mara mbili mfululizo, usirekebishe mara ya tatu ukaendelea na safari. Ifungue hedi ya upande huo kabla vali haijakatika, kwani ikikatika huchukua pistoni pamoja nayo. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakisema habari ya biashara, lakini neno hili laifaa injini pia.

4. UMEME

Ondoa waya mmoja wa betri kabla ya kazi. Nafasi ya pointi, zikiwa zimefunguka kabisa, ni milimita 0.4. Zikiwa zimeungua, badilisha pamoja na kondensa, na paka grisi chembe tu kwenye kijishafti kinachozifungua. Nafasi ya plagi ni milimita 0.6 hadi 0.7. Plagi huingia katika alumini, kwa hiyo ianze kwa vidole au kwa kipande cha mpira, isije ikaingia upande. Soma rangi yake: hudhurungi hafifu ni heri, nyeusi yenye masizi, petroli imezidi au filta ya hewa imeziba, nyeupe, silinda ina joto kupita kiasi, na huenda hewa yavuja katika bomba la kabureta.

Baada ya kugusa pointi lazima wakati wa cheche upimwe, kwa maana kimoja hubadili kingine. Rudisha waya wa betri, kisha unganisha balbu ndogo baina ya koili, upande wa waya uendao distributa, na chuma cha gari. Fungua ufunguo bila ya kuwasha injini. Peleka puli kwenye alama iliyotajwa na kitabu kwa injini na distributa yako. Legeza distributa, izungushe upande wa saa mpaka balbu izime, kisha irudishe polepole mpaka iwake tu. Kaza hapo. Usiongeze mbele kwa kutaka nguvu. Cheche ya mapema huleta joto, na joto ndilo adui wetu.

5. PETROLI NA MOTO

Tangi la gari hii liko nyuma, juu kuliko kabureta. Mpira wa petroli ukipasuka, petroli huendelea kushuka hata injini ikiwa imezimwa, na chini yake kuna distributa yenye cheche. Injini yenyewe imetiwa madini ya magnesi, ambayo yakishika moto hayazimwi kwa maji. Maji huyazidisha, na petroli huelea juu ya maji.

Kila wiki pinda mipira kwa vidole. Ukiona ufa hata mwembamba, badilisha, na usingoje msimu uishe. Kila mwisho uwe na kikaza chake. Tazama mahali bomba linapopita katika bati la mbele ya injini: lazima pawe na mpira wa kulizuia lisisuguliwe na bati. Tikisa kwa mkono kijibomba cha kuingizia petroli katika kabureta, maana hulegea na kuchomoka. Filta ya petroli isiwekwe juu ya injini. Mahali pake ni nje ya chumba hicho.

Weka kizimamoto cha unga mkavu karibu na dereva. Moto ukitokea, kwanza watu watoke na wasogee mbali, ndipo mlango wa injini ufunguliwe kidogo na unga upulizwe ndani. Gari haina thamani ya mtoto mmoja. Na petroli ya akiba isisafirishwe pamoja na karafuu, kwa ajili ya moto na kwa ajili ya harufu.

6. BREKI NA CHINI YA GARI

Usisahau kuwa gari inayokwenda vizuri lazima isimame vizuri. Kwa breki za dramu, inua gurudumu, zungusha kile kigurudumu chenye meno kwa bisibisi mpaka gurudumu likamatwe, kisha rudisha meno matatu au manne mpaka lizunguke huru. Vumbi la breki shuu za zamani lina asbestosi, nalo ni baya kwa mapafu: usilipulize, lifute kwa tambara bichi. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, basi badilisha kila miaka 2. Piga grisi nipeli zote za mbele, na osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Kabla ya kuweka jeki, gonga bati la mahali pake kwa kipini cha bisibisi. Likitoa mlio mkavu wa kutu, usiinulie hapo.

MWENDO WA DEREVA

Feni huzunguka pamoja na injini. Kwa hiyo dereva anayepanda mlima kwa gia kubwa, injini ikinguruma kwa taabu, huipa injini kazi nyingi na hewa haba. Punguza gia mapema, iache izunguke. Wala usizidishe mzigo. Gari za mwanzo ziliundwa kubeba kilo 750, na za baadaye kiasi cha kilo 1,000, pamoja na watu waliomo.

RATIBA YA KUBANDIKA UKUTANI

Kila asubuhi: oili, mkanda, chumba cha injini kisiwe na tambara, matundu ya mbavuni yawe wazi, harufu ya petroli.

Kila wiki: mipira ya petroli, upepo wa magurudumu, mafuta ya breki, maji ya betri.

Kila kilomita 5,000: oili na chujio, vali, pointi, plagi na cheche, filta ya hewa, na ikiwa ni ya oili, isafishwe na kutiwa oili mpya mpaka alama, grisi, breki.

Kila mwaka kabla ya mchumo: mapezi, mabati na mipira ya ukingo, oili ya gia boksi, ya SAE 90, itazamwe kimo chake.

Katika gari daima: mkanda mmoja, spana ya 21, bisibisi nene, pointi na kondensa, kipande cha mpira wa petroli na vikaza vyake, tochi, kizimamoto.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini taa ya dainamo ikiwaka si jambo la betri peke yake?
2. Mpira mmoja wa waya wa plagi umepotea. Hasara yake ni nini?
3. Vali ya kutolea ya silinda ya 3 imekutwa na nafasi ya 0.10, na mara iliyopita pia ilikuwa imepungua. Utafanya nini?
4. Moto umeshika katika chumba cha injini na jirani amekuja na ndoo ya maji. Utamwambia nini?

Anayeweza kujibu manne haya na awafundishe vijana wake, kisha aende sasa hivi akatazame chini ya kiti cha gari yake. Kama mkanda upo na spana ya 21 haipo, aitie leo, kabla ya gunia la kwanza.